Johnny Smythe wa Freetown: shujaa, kibaraka au mchoma miji?

Kila mwaka ikifika Novemba, mwezi wa kuwakumbuka waliokufa vitani, picha ya John Henry Smythe huanza kuzunguka tena kwenye simu zetu. Kijana mweusi wa Freetown, Sierra Leone, mrefu kama mlingoti, amevaa sare za jeshi la anga la Uingereza. Na ubishi nao huanza papo hapo. Mmoja husema huyu ni shujaa wetu aliyempiga Hitler. Wa pili humjibu: shujaa wa nani? Huyo ni kibaraka aliyempigania mkoloni. Kisha hutokea wa tatu, ambaye ndiye ninayemwogopa, maana swali lake halipungui uzito hata nikilirudia mara ngapi: na wale watoto waliokuwa wamelala chini ya mabomu yake, walimkosea nini?

Wote watatu wana haki ya kujibiwa. Lakini kwanza tumjue mtu tunayembishania.

Smythe alizaliwa 1915. Vita vilipoanza 1939, kanuni za jeshi hilo, RAF, zilikuwa zinamtaka afisa awe mtu wa damu ya Kizungu tupu. Oktoba mwaka huohuo kizuizi hicho kikaondolewa kwa muda wa vita, kwa kuwa watu walihitajika. Smythe akajitolea mwenyewe. Hakuna aliyekwenda kumkamata kijijini. Akafundishwa kazi ya mwongoza njia, na mwaka 1943 alikuwa katika Kikosi cha 623, akiruka kwenye Stirling, ndege ya mabomu yenye injini nne na watu wasiopungua saba ndani.

Kazi ya mwongoza njia inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu nusu ya swali letu imelala pale mezani kwake. Anakaa nyuma ya pazia ili mwanga wa taa yake usivuje nje na kuwavuta adui. Mbele yake ana ramani, penseli, bikari na saa. Haangalii nje. Kazi yake ni hesabu: upepo unatusukuma upande gani na kwa kasi gani, tugeuke saa ngapi, shabaha tutaifikia dakika ipi. Mitambo ya redio ya kumsaidia ilivurugwa na Wajerumani kila ndege zilipozidi kuingia ndani ya nchi yao, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari alitegemea kichwa chake. Akikosea upepo kidogo tu, ndege inatoka kwenye msururu na kubaki peke yake gizani kama mbuzi aliyeachwa na kundi, na ndege za kivita za Wajerumani zilikuwa zikimtafuta mbuzi wa namna hiyo.

Stirling yenyewe ilikuwa na ila iliyojulikana na kila aliyeipanda: haikuweza kupaa juu kama Lancaster, ndege nyingine ya mabomu ya Waingereza. Iliruka chini zaidi, karibu zaidi na mizinga ya kutungulia ndege, na wakati mwingine mabomu ya wenzao waliokuwa juu yaliwapita ubavuni.

Usiku wa tarehe 18 Novemba 1943, ndege 395 zilitumwa Mannheim na Ludwigshafen, miji miwili inayotazamana kwenye mto Rhine. Shabaha kubwa ya usiku huo ilikuwa Berlin, ambako kundi jingine lilikuwa likielekea. Hawa wa Mannheim walitumwa pia ili kuwagawanya marubani wa Kijerumani wasikimbilie wote sehemu moja. Ndege 23 kati yao hazikurudi, na ya Smythe ilikuwa mojawapo. Vipande vya chuma vilimjeruhi mwilini. Akaruka kwa mwavuli, akajificha ghalani, askari wa Kijerumani wakamfuata humo kwa risasi mpaka akajitokeza. Alieleza baadaye jinsi walivyopigwa na butwaa walipoona aliyetoka ni mtu mweusi, tena afisa. Miezi iliyobaki ya vita aliimaliza katika kambi ya mateka ya Stalag Luft I, kaskazini mwa Ujerumani. Humo alisaidia mipango ya wenzake ya kutoroka, ingawa yeye mwenyewe alijua kwamba mtu mweusi wa kimo chake hawezi kufika mbali akitembea mashambani Ujerumani.

Alikuwa amebakiza safari chache tu kutimiza 30, ambazo ndizo zilizokuwa zamu kamili. Nambari hii 30 inadanganya masikio. Chukua hasara ya ndege tano katika kila mia kwa kila safari. Ukiambiwa hivyo utasema mbona tisini na tano zinarudi. Sasa irudie hesabu hiyo mara 30: katika vijana mia walioanza, 21 tu ndio wanaomaliza. Usiku ule wa Mannheim hasara ilikaribia sita katika mia. Kwa vita vizima, kati ya watu wapatao 125,000 walioruka katika kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, 55,573 walikufa. Na aliyesema roho yangu imechoka, sipandi tena, jalada lake liligongwa muhuri wa kupungukiwa ujasiri, akavuliwa beji ya urushaji. Kuingia kulikuwa kwa hiari. Kutoka hakukuwa.

Kwa hiyo anayesema Smythe alikuwa jasiri hatii chumvi. Hilo naliweka kando kama jambo lililokwisha.

Sasa turudi kwa mwenye hoja ya kibaraka. Hoja yake ina mfupa, na si haki kuicheka. Bomu la kwanza kurushwa kutoka kwenye ndege vitani liliangukia Afrika: Novemba 1911, Mwitaliano Giulio Gavotti aliwarushia mabomu ya mkono Waarabu na Waturuki karibu na Tripoli, Libya. Mwaka 1920, RAF hiyohiyo ya Smythe ilipeleka ndege Somalia kuzipiga ngome za Sayid Mohammed Abdullah Hassan, kiongozi aliyewapinga Waingereza, ikajisifu kwamba imepata njia ya bei nafuu ya kutawala. Arthur Harris, mkuu wa ndege za mabomu tangu 1942, aliifanyia mazoezi kazi hiyo Iraq katika miaka ya 1920. Na Smythe aliporudi kutoka kambini, Sierra Leone bado ilikuwa koloni na iliendelea kuwa hivyo mpaka 1961. Sisi wenye babu waliopelekwa Burma na keya, yaani jeshi la mkoloni la Afrika Mashariki, wakarudi na medali na kukuta kodi ya kichwa inawasubiri, tunaielewa hasira hiyo bila kutafsiriwa.

Lakini hoja hii inamnyima Smythe kitu kimoja ambacho mkoloni naye alimnyima: akili yake mwenyewe. Mwafrika aliyekuwa akisoma magazeti mwaka 1939 hakuhitaji Mwingereza amweleze ufashisti ni nini. Alikuwa ameshasoma habari za Ethiopia, ambako ndege za Italia zilimwaga gesi ya sumu mwaka 1935 na 1936. Ujerumani yenyewe, mwaka 1937, iliwahasi kwa nguvu mamia ya watoto waliozaliwa na mama wa Kijerumani na baba askari kutoka makoloni ya Ufaransa, wengi wao wakiishi bonde la Rhine, mto uleule unaopita kati ya Mannheim na Ludwigshafen. Na Juni 1940 huko Ufaransa, jeshi la Wajerumani liliwaua kwa risasi maelfu ya askari wa Kiafrika waliokwisha kujisalimisha. Smythe akiwa pale ghalani, akiwasikia wenye bunduki wanamkaribia, hatari yake haikuwa sawa na ya mwenzake mweupe. Alipanda ndege huku akimjua adui wake. Mtu anaweza kutawaliwa na mmoja na bado akachagua, kwa macho yake, yupi aanze kuangushwa.

Anabaki wa tatu. Kwake siwezi kupita haraka.

Watetezi wa mabomu wana mambo matatu ya maana. Kwanza, Ujerumani ndiyo iliyoanza kupiga miji: Warsaw 1939, Rotterdam na Coventry 1940. Pili, tangu Ufaransa ianguke mpaka majeshi ya Washirika yalipotua Normandy, Ufaransa, Juni 1944, Uingereza haikuwa na mkono mwingine wa kuifikia Ujerumani yenyewe. Tatu, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote, mabomu yalivuta nguvu za Ujerumani nyumbani. Maelfu ya mizinga ambayo ingeweza kupasua vifaru vya Warusi ilibaki ikiangalia mbingu juu ya miji, na mamia ya maelfu ya watu wakafungwa kwenye ulinzi huo. Albert Speer, waziri wa silaha wa Hitler, alikiri baada ya vita kwamba vita vya angani vilikuwa kama uwanja wa pili wa mapambano. Anayesema mabomu hayakusaidia kitu hajaitazama hesabu hiyo.

Ila tuseme na lile lingine wazi. Agosti 1941 uchunguzi wa picha, uliofanywa na Waingereza wenyewe, ulionyesha kwamba kati ya ndege zilizodai kupiga shabaha, moja tu katika tatu ilifika ndani ya maili tano. Wangeweza kukubali kwamba silaha hiyo bado haifai, wakasubiri. Badala yake walikuza shabaha. Kama hatuwezi kupiga kiwanda, tutapiga mji. Amri ya 14 Februari 1942 ilitaja waziwazi ari ya raia wa adui, hasa wafanyakazi wa viwandani, kuwa ndiyo ya kulengwa. Neno ari ni laini. Maana yake ni nyumba za watu, vitanda vyao na waliolala juu yake. Usiku wa 27 Julai 1943 Hamburg ilishika moto uliogeuka dhoruba, upepo wake ukiwanyanyua watu mitaani, na waliokimbilia mahandakini wakakosa hewa humo. Mashambulizi ya wiki ile yaliua watu wapatao 37,000. Dresden, Februari 1945, vita vikiwa ukingoni, walikufa karibu 25,000.

Huwa tunaambiwa tusiwahukumu watu wa zamani kwa macho ya leo. Sawa, tuyatumie ya wakati ule. Tarehe 9 Februari 1944, askofu George Bell wa Chichester, mtu aliyewapinga Wanazi tangu mapema, alisimama katika Baraza la Malodi akaiuliza serikali yake kwa haki gani inaangamiza miji mizima. Na tarehe 28 Machi 1945, Churchill mwenyewe aliwaandikia wakuu wake wa majeshi kwamba umefika wakati wa kulipima upya suala la kuipiga miji ya Ujerumani kwa ajili ya kuongeza hofu tu. Walijua.

Hapo ndipo pazia la mwongoza njia linaponirudia akilini. Wapo waongoza njia waliomaliza zamu zao bila kuutazama hata mara moja mji waliowafikisha wenzao juu yake. Wengine walisema ndivyo walivyotaka, maana aliyechungulia mara moja hakuwa na hamu ya kuchungulia tena. Mimi siwalaumu. Kijana aliye kwenye baridi kali, mwenye hewa ya kupumua kwa mrija, anayejua hesabu ya 21 katika mia, hawezi kudaiwa falsafa saa saba za usiku. Lakini wale walioandika amri ya Februari 1942 hawakuwa kwenye baridi. Walikaa ofisini penye mwanga, na picha za miji kabla na baada zililetwa mezani. Pazia lao walilifunga wenyewe. Lawama ya Hamburg naipandisha ngazi mpaka kwao, na kila inaposhuka kuelekea kwenye meza ya Smythe nakuta imepungua uzito. Haiishi kabisa, maana bila hesabu yake ndege haifiki. Lakini hiyo inayobaki ni ndogo kuliko ujasiri wake, na ndogo sana kuliko uovu aliokwenda kupambana nao.

Nisichokikubali ni kutumia vifo vya wale 55,573 kama mlango wa kufungia mjadala, eti ukiuliza habari za Hamburg umewatukana marehemu. Walioutumia ujasiri wa vijana wale kwa kazi isiyostahili ndio waliowakosea. Dalili yake ilionekana mapema: vita vilipokwisha, viongozi walikaa mbali na mabomu hayo, na watu wa ndege za mabomu hawakupewa medali yao ya pekee. Kipande kidogo cha chuma cha kubandika kwenye utepe kilikuja 2013, wengi wakiwa wameshazikwa.

Smythe yeye alisoma sheria Uingereza, akarudi Freetown, akapanda mpaka kuwa mwanasheria mkuu wa Sierra Leone. Alifariki 1996. Hakuuona mnara uliofunguliwa London Juni 2012 katika bustani ya Green Park: watu saba wa shaba, idadi ya watu wa ndege moja, wamevaa mavazi ya kurukia, wamesimama kama waliotua sasa hivi. Humo ndani, mbali na maneno ya sifa, pamechongwa pia kwamba jengo hilo linawakumbuka watu wa mataifa yote waliokufa kwa mabomu kati ya 1939 na 1945. Maana yake, na wa Mannheim wamo.