Gitaa Lipimwe Mwilini Kwanza

Lile umbo la gitaa tunaloliona kuwa ndilo la kawaida, kubwa, lenye mabega mapana na kiuno kisichobonyea sana, halikubuniwa kwa kumfikiria mtu atakayelikumbatia. Lilibuniwa kwa kuifikiria sauti. Kampuni ya Martin ya Marekani ilianza kulitengeneza mwaka 1916 kwa oda ya wauzaji wa vyombo vya muziki, Oliver Ditson, likapewa jina la manowari ya Uingereza, Dreadnought. Jina hilo peke yake linatosha kukuonyesha kilichokuwa vichwani mwao. Enzi zile mpiga gitaa alitakiwa asikike katikati ya banjo na fidla bila kipaza sauti, kwa hiyo sanduku kubwa lilikuwa jibu la busara kabisa. Leo vinasa sauti vipo, spika zipo, na wengi wetu tunapiga tukiwa peke yetu chumbani. Tatizo limekwisha, jibu lake bado tumelipakata.

Ninatengeneza magitaa kwa mkono, na jambo linalonikera katika fani hii ni jinsi faraja ya mpigaji inavyochukuliwa kuwa nakshi: kitu cha kuongeza mwishoni kwa mteja mwenye pesa, kama ua la lulu kwenye kichwa cha gitaa. Mimi naona kinyume. Faraja ni uamuzi wa kwanza kwenye mchoro, kabla ya kuchagua mbao. Tena sehemu kubwa ya faraja hiyo haionekani kwenye picha, ndiyo maana haizungumzwi.

Tuanze na ukubwa. Dreadnought ina upana wa karibu sentimita 40 kwenye tumbo na unene wa takriban sentimita 12 upande wa mkiani. Lipandishe hilo juu ya paja, kisha lizungushie mkono wa kulia. Kwa mtu mwenye kifua chembamba au mikono mifupi, bega linainuka lenyewe, na likikaa hivyo kwa saa nzima linaanza kulalamika. Chukua sasa lile umbo linaloitwa OM, ambalo Martin waliliingiza sokoni mwaka 1929: tumbo sentimita 38, unene kama sentimita 10 na nusu, na kiuno kilichobonyea vya kutosha kutulia juu ya paja. Ni tofauti ya sentimita mbili huku na moja na nusu kule, lakini bega linaijua. Ningekuwa na ruhusa ya kubadilisha kitu kimoja tu kwa mteja anayelalamika maumivu, ningebadilisha unene.

Simaanishi kwamba dogo ndilo bora siku zote. Mtu mrefu mwenye mikono mirefu ukimpa kigitaa kidogo atakiinamia, na mgongo utalipa kile ambacho bega limeokoa. Gitaa ni vazi, na fundi asiyechukua vipimo vya anayelivaa anabahatisha.

Baada ya sanduku inakuja shingo, na hapa ndipo nina ugomvi na mtindo wa siku hizi wa kuisifu shingo nyembamba kana kwamba wembamba na wepesi ni kitu kimoja. Shingo ikiwa nyembamba mno, kidole gumba hakina cha kuegemea, na misuli ya chini yake inabana kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Ninapenda kuacha unene wa milimita 21 hadi 22 kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), kisha nakwangua taratibu huku mwenye gitaa akiishika. Mkono unajua haraka kuliko rula. Varnishi ya kung'aa mgongoni mwa shingo siipendi pia. Ikikutana na jasho inanata. Mafuta, au varnishi iliyofifishwa kwa msasa laini, inaacha mkono uteleze.

Kuna jambo dogo kuliko yote ambalo linawatesa wanafunzi wengi: kimo cha nyuzi juu ya freti pale mwanzoni mwa shingo, kwenye kile kipande cha mfupa kati ya kichwa na shingo. Mitaro yake isipochimbwa vya kutosha, kordi ya F, inayotaka kidole kimoja kibane nyuzi kadhaa, inakuwa adhabu, na mwanafunzi anaambiwa vidole vyake havijakomaa. Vidole havina kosa. Jaribu hivi: bonyeza uzi kwenye freti ya 3, upande wa kichwa, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 1. Inatakiwa iwe kiduchu, unene wa unywele hivi. Ukiona mwanga wa kutosha kupitisha kadi, mfupa huo unahitaji tupa. Ni kazi ya muda mfupi kwa fundi, na hakuna pambo lolote la bei kubwa litakalokupa nafuu inayolingana nayo. Kule kwenye freti ya 12 ninalenga nafasi ya milimita 2.2 kwa uzi mnene na 1.7 kwa mwembamba, nikijua kwamba anayepiga kwa nguvu atahitaji zaidi kidogo.

Halafu kuna hesabu ambayo wauzaji hawapendi kuifanya. Seti ya kawaida ya nyuzi nyepesi za chuma inalivuta gitaa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Wengi wanashauriwa kununua gitaa la nyuzi fupi, milimita 632 badala ya 645, ili vidole vipumzike. Mvuto unafuata mraba wa urefu, kwa hiyo nyuzi zilezile kwenye sauti ileile zitalegea kwa kama asilimia 4. Si haba. Lakini ukishusha nyuzi nusu toni kwenye gitaa ulilonalo, mvuto unapungua kwa karibu asilimia 11, maana mvuto unafuata pia mraba wa masafa, yaani kasi ya mtetemo wa uzi. Weka kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote, kwenye freti ya 1 na unarudi kwenye ufunguo wako wa zamani, nyuzi zikiwa zimelegea vilevile na ule mfupa wa juu ukiwa haukuhusu tena. Hakuna mbao iliyokatwa. Urefu mfupi una faida nyingine, kwamba freti zinasogeleana, ila nayo tusiikuze: kutoka mfupa wa juu hadi freti ya 4 unaokoa milimita 3 hivi, kutoka 133 hadi 130. Mwenye vidole vifupi atazishukuru, wengine hawatazihisi. Freti za mshazari, zinazompa kila uzi urefu wake, zile ambazo fundi Ralph Novak alizipatia hataza mwaka 1989, sizipingi, ila zinasaidia zaidi sauti ya nyuzi nene kuliko kiwiko cha mtu.

Sasa tufike kwenye kile kila mtu anachokitaka: ukingo uliolazwa pale mkono wa kulia unapopita. Kwenye magitaa ya umeme jambo hili lina umri mkubwa. Stratocaster ya mwaka 1954 ilichongwa kifuani na mgongoni, na ilikuwa rahisi kwa kuwa ni gogo lisilo na uwazi ndani. Gitaa la sanduku ni habari nyingine. Kuta zake zina unene wa milimita 2 tu. Ukipitisha randa kwenye kona utatokea ndani. Grit Laskin, fundi wa Kanada, ndiye aliyeonyesha njia: unagandisha ndani ya kona kipande kinene cha mbao nyepesi, au tabaka nyembamba zilizopindwa na kuunganishwa kwa gundi, unafunika ubao wa sauti, yaani ubao wa juu wa gitaa, juu yake, kisha unachonga mteremko kwa tupa na kuuvika ngozi ya mbao nyingine. Katikati ya mteremko si tabu. Tabu iko kwenye ncha zake mbili, pale unapotakiwa kupotea polepole na kurudi kuwa ukingo wa kawaida. Ngozi hiyo ya mbao inabidi ipinde pande mbili kwa wakati mmoja, na mbao haipendi hivyo. Ukitumia mpingo hapo, utatokwa na jasho: ni mgumu na mzito kiasi kwamba unazama majini, ingawa ukishang'arishwa hauna mpinzani.

Wapo wanaodai mteremko huo unaua sauti kwa kupunguza ubao wa juu. Kinachopungua ni pembeni kabisa, karibu na mahali ulipogandishwa, ambapo hutetemeka kidogo kuliko kwingine. Tena mkono uliokuwa umelala juu ya ubao na kuuzima sasa umesogea kando. Kwa wanaoamini kila sentimita ya sanduku ni takatifu, Antonio de Torres, fundi wa Uhispania, alitengeneza mwaka 1862 gitaa lenye mgongo na kuta za karatasi iliyogandishwa, ubao wa juu ukiwa wa kawaida, kuonyesha kwamba kazi kubwa ya sauti iko juu.

Hata hivyo nauona ukingo huo kuwa wa mwisho kwenye foleni. Unaondoa makali yanayokata mkono. Hauondoi unene unaoinua bega. Kinachoondoa vyote viwili ni kabari ya Linda Manzer, naye wa Kanada, aliyejifunza ufundi kwa Jean Larrivée kama Laskin. Mwaka 1984, alipokuwa akimtengenezea mpiga gitaa Pat Metheny gitaa la nyuzi 42, alilifanya sanduku kuwa jembamba upande wa mkono na nene upande wa paja. Nafasi ya hewa ndani inabaki karibu ileile, mkono unapita bila kupanda mlima, na uso wa gitaa unainama kidogo kumtazama mpigaji. Halipendezi kwenye picha, ukiliangalia kwa mbele huoni lolote. Gharama yake ni kuchora kuta kwa vipimo viwili tofauti na kurekebisha kalibu ya kuundia sanduku. Kwangu hilo ndilo wazo bora kuliko yote katika habari hii, na linanishangaza kwa kutosambaa.

Niongeze tundu la pembeni, lile linalotobolewa kwenye ukuta wa juu likielekea usoni mwa mpigaji. Watu huliweka kwenye kundi la sauti, mimi naliweka kwenye faraja. Mtu anayeisikia vizuri sauti ya gitaa lake hapigi kwa nguvu isiyo ya lazima, na kifundo cha mkono kinabaki kimelegea.

Kwa hiyo mteja akija na picha ya ukingo uliolazwa, sianzi na mbao. Ninakata umbo la kadibodi nene na vipande vya sponji ngumu, nalitia shingo chakavu, nampa akae nalo kwenye kiti anachokitumia kila siku, si kiti changu. Anarudi akiwa amechora kwa penseli mahali linapomgusa vibaya: chini ya kwapa, kwenye mbavu, ndani ya paja. Nakata kwa kisu, namrudishia. Mara nyingi tukifika mwisho wa mchezo huo sanduku limepungua unene upande mmoja, na ule ukingo aliokuja akiuulizia haudai tena.