Kunde Zikipita Mezani: Walitupa Nini Darajani?

Wimbo una beti tano na hauna kiitikio. Kuna gitaa moja, sauti ya mwanamke iliyoshushwa kama ya mtu anayemsimulia jirani, na fidla zinazoingia na kutoka bila kelele. Unaitwa "Ode to Billie Joe". Aliutunga na kuuimba Bobbie Gentry, binti wa Mississippi, ukatoka Julai 1967. Mwezi uliofuata uliwashusha Beatles kutoka kileleni mwa chati ya Marekani ukakaa pale wiki nne. Tangu siku hizo wapenzi wa muziki wa kantri wanabishania jambo moja: yule kijana na yule msichana walitupa nini kutoka Daraja la Tallahatchie?

Kwa asiyeujua, kisa ni hiki. Ni tarehe 3 Juni, siku ya vumbi na usingizi katika Delta ya Mississippi. Msichana anayesimulia ametoka kupalilia pamba, kaka yake ametoka kufunga majani makavu ya mifugo, wanarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Mama anawapigia kelele mlangoni wafute miguu, kisha anaunganisha hapo hapo kwamba amepata habari kutoka Choctaw Ridge: Billie Joe McAllister amejirusha kutoka darajani.

Baba anapitisha bakuli la kunde. Anasema kijana yule hakuwahi kuwa na akili, anaomba apewe vile vimkate vya moto wanavyokula watu wa kusini mwa Marekani, anakumbusha kwamba zimebaki ekari tano za kulima. Kaka anakumbuka siku walipomtumbukizia dada yake chura mgongoni, kwenye sinema. Anaomba kipande kingine cha pai ya matofaa, kisha anasema jambo hili halimwingii akilini, jana tu alimwona Billie Joe kiwandani kwenye mbao. Ndipo mama anamgeukia binti: mwanangu, mbona huli? Nimepika asubuhi nzima na hujagusa kitu. Hasubiri jibu. Anaendelea kusema kwamba mhubiri kijana, Brother Taylor, amepita leo, atakuja kula nao Jumapili, na kwamba amesema alimwona msichana anayefanana sana na wewe kule Choctaw Ridge, yeye na Billie Joe, wakitupa kitu kutoka darajani.

Ubeti unakatika hapo. Katika ubeti wa mwisho mwaka umepita. Kaka ameoa na kuhamia Tupelo alikonunua duka, baba ameugua maradhi yaliyokuwa yakisambaa akafa, mama hana hamu ya kufanya lolote. Msichana anashinda Choctaw Ridge akichuma maua na kuyadondosha kwenye maji ya matope chini ya daraja lile lile.

Sisi tumelelewa na vitendawili. Mtu anatega, watu wanajaribu, wakishindwa anadai mji, anapewa mji, anatoa jibu. Mashabiki wa wimbo huu wametoa miji yote waliyonayo kwa zaidi ya nusu karne, na Gentry hakupokea hata mmoja.

Wapo wanaosema mjadala wote huu ni kupoteza muda. Siko nao, angalau si moja kwa moja. Mtunzi aliyetuambia ni chakula gani kilichopita mezani, ni ekari ngapi zilizobaki na kaka alihamia mji gani, hawezi kuwa alisahau kutaja kitu kilichotupwa. Alikificha kwa makusudi. Tena alikiweka kinywani mwa mtu wa tatu: mhubiri aliona, akamwambia mama, mama anamwambia binti mbele ya watu. Aliyezoea kusikiliza taarabu atalitambua neno la mhubiri mara moja. "Msichana anayefanana sana na wewe" ni fumbo lililofungwa vizuri likapewa mbebaji asiyejua anabeba nini. Je, mhubiri alikuwa anatuma onyo? Au alikuwa na jicho kwa binti, ndiyo maana akajialika Jumapili? Wimbo hausemi, lakini mwenye masikio hawezi kulaumiwa kwa kuuliza.

Basi tuzipime hoja zenyewe. Wanaosema ilitupwa pete wanadai wawili wale walikuwa wachumba kwa siri na mmoja akavunja ahadi. Ni hoja nyepesi, haikitwishi kisa mzigo mkubwa. Ukiwauliza mhubiri aliionaje pete kwa mbali, wanakujibu kwamba aliona mkono ukirushwa tu, ndiyo maana hakutaja kitu. Jibu lao ni zuri. Wanaotaja kadi ya kuitwa jeshini wanategemea mwaka ule, kwa kuwa 1967 vijana wa Marekani walikuwa wakipelekwa vitani Vietnam, lakini ndani ya wimbo hawana hata neno moja la kushika.

Wanaosema alitupwa mtoto ndio wengi na ndio wanaosikika zaidi. Wanasema alizaliwa mtoto kwa siri, hai au mfu, wakamtupa mtoni, na Billie Joe akashindwa kuishi na jambo hilo. Hoja hii ina faida ya kueleza kifo na kumweleza msichana asiyekula. Wapinzani wanauliza: msichana anayepalilia pamba na familia yake katika joto la Juni, anayekaa nao meza moja kila siku, angefichaje mimba? Wenye hoja wanajibu kwamba familia ile ile haikuona uso wake siku ya msiba, kwa nini ingeona tumbo? Jibu hilo linanitisha kila ninapolifikiria, kwa sababu linatoka ndani ya wimbo wenyewe. Hata hivyo siliamini. Msimulizi huyu anatuambia mambo kwa kupima sana, na uzito wa mtoto ungelivunja lile jambo dogo lililokusudiwa katika ubeti ule, yaani mama kusema bila kujua anachosema.

Hoja ninayoiona imepewa haki kidogo kuliko inayostahili ni ya maua. Wanaoishika wanausoma wimbo kuanzia mwisho kurudi nyuma: anachofanya msichana peke yake mwaka mmoja baadaye ndicho walichokuwa wakifanya wawili. Tena maneno ya mhubiri yanaeleza tendo lililokuwa likiendelea. Aliwaona wakitupa, wako katikati ya kutupa. Pete hurushwa mara moja ikazama. Maua hudondoshwa moja moja, watu wakiangalia yanavyochukuliwa na maji. Udhaifu wake wanaouelekeza wote ni kwamba hakuna mtu anayejiua kwa ajili ya maua. Lakini nani alisema kitu kilichotupwa lazima kieleze kifo? Hilo tumeliongeza sisi. Wimbo unaviweka viwili hivyo jirani, haukusema kimoja kilizaa kingine.

Hapa ndipo unapofika upande wa pili, wa wale wanaoona mjadala huu ni kupoteza muda, na msemaji wake mkuu ni mtunzi mwenyewe. Gentry alipoulizwa miaka ile alieleza kwamba kila mtu ana kisio lake, maua, pete, hata mtoto, na kwamba yeye aliliweka jambo lile la darajani ili msikilizaji ajue kulikuwa na uhusiano kati ya msichana na Billie Joe. Kilichomshughulisha, alisema, ni ukatili ambao watu hawaujui kuwa ni ukatili: familia inayozungumza habari ya kifo huku ikiomba mkate, bila kujua kwamba mfiwa amekaa nao.

Wengi wakishasikia hivyo hufunga kesi. Mwenye wimbo kasema, basi. Mimi naona kauli ya mtunzi ina uzito lakini haifuti wimbo, na karatasi yake mwenyewe inaonyesha kwa nini. Katika Chuo Kikuu cha Mississippi umehifadhiwa ukurasa wa mwandiko wake wenye ubeti wa kwanza alioukata. Ubeti huo unaanza na msichana mwenye jina, Sally Jane Ellington, ambaye haonekani tena mjini, watu wanamsema, na wengine wanadhani anajua zaidi ya anavyotaka kueleza. Kwa hiyo fununu haikuletwa na mashabiki. Gentry alianza nayo. Alikuwa na wimbo juu ya kijiji kinachonong'ona kuhusu msichana, akaufuta mwanzo ule, akamnyima msichana jina, akaondoa wambea wote kutoka ndani ya wimbo. Nafasi yao ikabaki wazi, tukaikalia sisi.

Hollywood ilijaribu kuijaza kwa filamu ya 1976, iliyoongozwa na Max Baer Jr. na kuandikwa na Herman Raucher. Raucher alisimulia kwamba alimuuliza Gentry kwa nini Billie Joe alijirusha, akajibiwa kwamba yeye mwenyewe hajui. Basi ikabidi atunge: katika filamu kinachoanguka mtoni ni mwanasesere wa msichana, na kijana anajiua kwa aibu baada ya kulala na mwanamume aliyekuwa mwajiri wake. Kuna wapenzi wanaolichukua hilo kuwa jibu rasmi. Haliwezi kuwa rasmi ikiwa mwenye kutega hakulitoa. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba filamu, kwa kumpa Billie Joe siri kubwa hivyo, ilihamishia macho yote kwake, na ile meza ya chakula ikawa kituo tu cha kupita.

Kuna usomaji mwingine ambao siwezi kuupita haraka. Daraja ambalo Gentry alipigwa picha akilivuka kwa ajili ya jarida la Life mwaka 1967 lilikuwa Money, Mississippi. Lilikuwa daraja dogo tu, na Juni 1972 liliteketezwa na moto wa wahuni likaanguka. Jina la Money lilikuwa limeshajulikana dunia nzima kabla ya wimbo. Ni hapo Agosti 1955 Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago aliyekuja kuwatembelea ndugu zake, alichukuliwa usiku, kisha akauawa kwa kudaiwa kumkosea heshima mwanamke mzungu dukani. Mwili wake ulipatikana katika Mto Tallahatchie ukiwa umefungiwa feni nzito ya mashine ya kuchambulia pamba. Baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, liliwaachia washtakiwa wawili baada ya kujadiliana kwa muda wa saa moja na kidogo, na miezi michache baadaye wakakiri katika jarida kwamba ni wao.

Wapo wanaosema hicho ndicho kitu kilichotupwa, kwamba wimbo mzima ni fumbo la Till. Maneno hayabebi dai hilo. Hakuna mtu mweusi ndani yake, hakuna duka, na ukilazimisha utakuwa umemtumia mtoto yule kama ufunguo wa kufungulia wimbo, jambo ambalo hastahili. Ila upande unaosema hakuna uhusiano wowote nao unazidisha. Gentry alikulia sehemu ile na alikuwa binti mdogo mwaka ule. Alipochagua mto wake, aliuchagua mto ambao miaka 12 nyuma ulitoa maiti, na watu wa kaunti nzima wakarudi mezani wakaendelea kula. Mtu wa Mississippi aliyesikia neno "Tallahatchie" redioni mwaka 1967 hakuhitaji kuelezwa.

Nikizikusanya pande hizi, naona zote zinamtafuta Billie Joe na kile kitu. Nimeusikiliza wimbo huu mara nyingi, na kila mara namsubiri baba ainue macho amtazame binti yake. Hainui. Sasa tazama nasi tunavyofanya. Tunaletewa habari kwamba kijana amekufa na msichana hali chakula, tunauliza: walitupa nini? Tunapitisha kunde. Mtu mmoja tu katika wimbo wote aliuliza swali lenyewe, naye ni mama: mbona huli? Aliliona tatizo, akalitamka, akalifunika kwa habari za mhubiri kabla mtoto hajafungua kinywa. Wanaobishana miaka yote hii wako karibu na mama huyo kuliko wanavyodhani. Wameona kuna jambo, na kuona huko si kitu kidogo, kwa sababu baba na kaka hawakuona kabisa. Wamekosea tu pa kuelekeza macho.

Ndiyo maana sitaki mjadala huu ufungwe, na sitaki pia uendelee kama ulivyo. Anayeshika hoja ya maua au ya mtoto asiishie majini. Arudi nayo mezani aone inamfanya nini msichana wakati mama anasema "anayefanana sana na wewe" na watu wote wanne wamekaa. Hapo pete inauma kwa namna yake, maua kwa namna yake, na mtoto kwa namna ambayo ni vigumu kuivumilia.

Gentry aliacha jukwaa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hajajitokeza kutoa jibu. Alichotuachia ni ubeti wa tano, ambao wabishi wengi huupita mbio kwa sababu hauna fumbo. Kuna wanawake wawili katika ubeti ule. Mama amempoteza mume. Binti alishampoteza wake tangu mwaka jana, siku sahani yake ilipobaki imejaa, na mama hajui kwamba msiba unaomnyima nguvu leo ndio ule ule alioukuta mezani akaulalamikia kwa habari ya chakula kilichopikwa asubuhi nzima. Hakuna anayemwambia mwenzake. Binti anapanda Choctaw Ridge kuchuma maua, fidla zinaanza kushuka noti kwa noti kwenda chini, na wimbo unakwisha akiwa bado darajani.