Tairi la Theluji Njiani kwenda Arua

Huku Ujerumani kuna hoteli ya matairi. Sifanyi mzaha. Oktoba ikikaribia unapiga simu gereji, unapewa miadi, wanavua matairi ya kiangazi wanavalisha ya baridi, na yale yaliyovuliwa yanalala ghalani kwao mpaka Pasaka. Mimi hulipa kama euro 60 kwa msimu. Nilipomsimulia mjomba alicheka hadi akakohoa. "Tairi linalala hotelini, na wewe ukija Kampala unalala kwenye kochi la binamu yako!"

Miaka 11 nimeendesha gari huku bila kujua lolote kuhusu matairi. Ya nini? Sheria inataka kashata, yaani kina cha mitaro ya tairi, isipungue milimita 1.6, gari linakaguliwa kila miaka miwili, na ukikutwa kwenye barafu bila matairi ya baridi unalipa faini. Fundi akisema haya yamekwisha, natia sahihi, nakunywa kahawa yao mbaya, naondoka.

Agosti nikaenda nyumbani. Toyota Premio ya mjomba ilikuwa na matairi kipara, mawili kati yake yamechongwa mitaro mipya kwa kisu cha moto. Kwa mbali ungesema ni mapya; ukiinama unaona nyuzi zinachungulia. Na tulikuwa na safari ya kutoka Kampala hadi Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, zaidi ya kilomita 450. Tukashuka Kisenyi, mtaa wa Kampala, kutafuta matairi ya mtumba.

"Ssebo (bwana), hili halijakanyaga lami ya Uganda," muuzaji akaniambia, akiligonga tairi moja kwa kiganja. Baadaye ndipo nilipong'amua kwamba hakusema uongo. Lilikuwa limekanyaga lami ya watu wengine.

Mjomba hakumjibu. Alilikunja kidogo ubavuni kutafuta nyufa, akapitisha mkono ndani kusikia kama kuna plasta, akakwangua rangi nyeusi kwa ukucha. Kisha akatafuta tarakimu nne ndani ya kiduara cha yai: 4716. Wiki ya 47, mwaka 2016. Mzee aliyeishia P7, darasa la saba, ananisomesha kitu kilichoandikwa pia kwenye matairi yangu, ambacho sijawahi kukitazama! Wenzangu wa ughaibuni hupenda kusema watu wa nyumbani hununua kiholela. Mimi ndiye nilikuwa nanunua kiholela, ila kuna serikali nyuma yangu inayonikagulia.

Pembeni ya tarakimu hizo nikaona mchoro ninaoujua: mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Tairi la baridi, linauzwa Kampala!

Mpira wa tairi kama hilo hufanywa laini ili usikakamae joto likishuka chini ya nyuzi 7. Lipeleke kwenye lami ya Pakwach, njia ya Arua, saa nane mchana: linalika upesi kama sabuni, na breki zinachukua masafa marefu zaidi. Sijui kama lilishushwa kutoka Japani au Ulaya. Ninachojua ni kwamba huku wanashauri tairi la baridi libadilishwe likibakiwa na milimita nne, nami nimekuwa nikitii na kulipa euro chache za kuliondoa machoni pangu. Milimita nne! Kisenyi hiyo ni bidhaa ya daraja la kwanza. Kwa hiyo, ndugu zangu mnaorudi likizo na kuwacheka watu kwa matairi ya mtumba, ulizeni kwanza nani aliyeyavua.

Tulinunua mawili mapya ya Kichina, ndiyo fedha iliyotosha, na mawili ya mtumba yasiyo na theluji. Fundi alitaka mapya yakae mbele. Nikabisha, huo ndio ujuzi pekee niliotoka nao Ulaya: mapya huwekwa nyuma, mvua ikinyesha mkia wa gari usije ukakukimbia. Mjomba alinitazama kwa muda, akasema, "Mpe Mjerumani anachotaka." Yale ya zamani tuliyapakia kwenye buti. Yalikuwa na mteja tayari, jirani yake mjomba, mshona lugabire, zile ndala za matairi.

Njiani mjomba alisimama mara tatu, kila mara akizunguka gari na kuyagusa matairi kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Nilipoona hivyo mara ya tatu nikashuka nami nikagusa.

Sasa nimerudi, na miadi ya Oktoba imefika kwenye simu. Matairi yangu yaliyoko hotelini yamebaki milimita nne na kidogo. Fundi najua atasema nini. Mjomba pia najua atauliza nini.