Spika Mbea

Mimi ndiye niliyetangaza nyumbani kwetu Tabata kwamba ile spika ya kuongea nayo ni mbea. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 2019 ilibainika Amazon, Google na Apple walikuwa na watu wa kusikiliza baadhi ya sauti zinazonaswa na vifaa vyao majumbani. Na ya kwetu nayo, tukibishana tu na mke wangu kuhusu hela ya LUKU, inawasha taa na kudakia kwa Kiingereza kwamba haijaelewa. Nani kakuuliza?

Nikashuka Kariakoo, nikanunua adapta ya kuunganishia laptopu na bodi ya spika. Nikaifumua mezani nifute programu yake ya ndani, niweke nyingine isiyopeleka neno intaneti. Masaa mawili, kimya. Kumbe nimeunga TX (pini ya kutuma) kwa TX na RX (ya kupokea) kwa RX, wakati TX ya huku inatakiwa iingie RX ya kule. Yaani wote wanaongea, hakuna anayesikiliza, kama sisi na ile LUKU. Afadhali volti niliweka 3.3; ningeweka 5 labda ningezika. Nikageuza waya, ikakubali.

Nilibakiza bluetooth tu, mke wangu asikilizie taarabu. Maiki sikuona haja ya kuing'oa. Mama mkwe, aliyetoka Kyela kuja kukaa wiki moja na sasa ni mwezi wa pili, akanipongeza: "Hapo sawa, baba. Ya nyumbani yabaki nyumbani."

Jioni rafiki yangu akapiga. Nikatoka na simu hadi uani, maana kuna mengine hayazungumziki mbele ya mkwe. Napokea, kimya. "Haloo? Sikusikii!" Nikasogea hadi chini ya mwembe kutafuta mtandao.

Mtandao ulikuwepo. Simu ilikuwa imejiunga na spika: sauti inatokea sebuleni, na maiki inayotumika ni ya sebuleni. Mke wangu alinisimulia baadaye, machozi yanamtoka kwa kicheko, jinsi spika ilivyoropoka: "Kaka, huyo mama mkwe wako anaondoka lini? Si ulisema amekuja na kiroba kimoja cha mchele na tumbo la viroba viwili?"

Mama akaisogelea, akainama, akajibu taratibu: "Jumamosi, mwanangu. Na kiroba kilichobaki naondoka nacho."

Spika ikanyamaza kidogo. Kisha ikasema: "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Na mimi huko nje, chini ya mwembe: "Haloo? Haloo?"