Zima hiyo injini, jamani!
Matatu ya Mombasa ina abiria watatu. Inataka kumi na wanne. Basi injini inanguruma ya nini tangu tuingie? Hapa steji ya Malindi ndiyo mazoea: dereva kashuka kunywa chai, ufunguo kauacha, gari linatetemeka peke yake, na manamba kila mara anaingiza mguu kukanyaga mafuta ili tudhani safari i karibu. Hatudanganyiki, kaka.

Moshi sasa. Ekzosi imeelekea moja kwa moja kwenye meza ya mama wa viazi vya karai. Viazi vya moto, ukwaju upo, pilipili ipo, na masizi ya dizeli juu yake! Yule mama anayavuta tangu asubuhi. Chembe zake ni ndogo mno, hazikwami puani, zinateremka hadi ndani ya mapafu.

Na kila lita ya dizeli inayoungua hutoa kilo 2.6 hivi za kaboni dioksidi, gari liende lisiende. Halafu nauli ikipandishwa tunaambiwa mafuta yamepanda, kumbe mengine yamechomwa papa hapa, gari limesimama.

Kenya iliachana na petroli yenye risasi (ile metali yenye sumu) mwaka 2006, na hilo lilihitaji serikali. Kuzima injini kunahitaji vidole viwili tu. Abiria wa mwisho akipanda, washa. Na kama haiwaki bila kusukumwa (nahisi hiyo ndiyo siri yenyewe), nunua betri.