Glaida nyepesi kwenye hewa nyembamba ya Nairobi

Marubani wengi huikubali glaida (ndege isiyo na injini) nyepesi ya kiti kimoja kwa sharti kwamba iwe ya mwanafunzi. Hoja yao si ya kupuuzwa. Uzito hauharibu uwezo wa kuteleza mbali. Unachofanya ni kuupeleka kwenye mwendo wa kasi zaidi. Ndiyo maana ASW 27, glaida ya mashindano yenye mabawa ya mita 15, hutiwa maji mabawani hadi kufikia kilo 500. Adhuhuri, hewa ikipanda kwa nguvu na upepo ukivuma usoni, nyepesi huachwa nyuma. PW-5 ya Poland, iliyoshinda shindano la FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, la kutafuta glaida rahisi kwa ulimwengu mzima, ililaumiwa kwa hilohilo, na daraja lake la mashindano halipo tena.

Ila lawama hizo zinafaa zaidi viwanja vilivyo karibu na usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu. Hewa ya hapa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, na jua likiwaka inapungua zaidi. Rubani anayezunguka ndani ya hewa inayopanda, akiinamisha bawa kwa pembe ileile, huchora duara pana kuliko la pwani kwa karibu asilimia 18, kwa kuwa hewa nyembamba humlazimu kwenda kasi zaidi. Nguzo ya hewa inayopanda haikupanuka kumpisha. Duara likitoka nje ya kiini cha nguzo hiyo, anazunguka huku anashuka.

Upana wa duara hilo hukua sawasawa na mzigo unaobebwa na kila mita ya mraba ya bawa. Ukipunguza mzigo asilimia 15, umerudishiwa duara la pwani. PW-5 hubeba takriban kilo 30 kwa mita ya mraba. ASW 27 iliyojaa maji hupita 55, na duara lake linakaribia kuwa maradufu. Maji yatamwagwa, sawa, lakini hata tupu bado ni nzito. Saa nne asubuhi, marabou wa Barabara ya Mombasa wanapoanza kupaa, hewa inayopanda bado ni finyu na dhaifu. Hapo nyepesi imeshaondoka, nzito inasubiri.

Wepesi wenyewe una gharama. Sparrowhawk, glaida nyepesi ya Marekani, ina takriban kilo 70 ikiwa tupu, na ilibidi ijengwe kwa nyuzi za kaboni, ambazo si rahisi kwa bei wala kwa fundi. Tena rubani anaizidi ndege uzito: kilo 20 zaidi mwilini, kwenye bawa la mita za mraba 6.5, ni kilo 3 zaidi kwa kila mita ya mraba. Kwa nyanda zetu ningechagua bawa la mita za mraba 10, hata kama kasi itapungua, ili rubani mnene asinyimwe asubuhi.