Lami Imefika Moyale, Vizuizi Havijaondoka

Juma lililopita nilisafiri kwa basi kutoka Moyale, mji wa mpakani mwa Kenya na Ethiopia, kwenda Nairobi, na kabla hatujafika Isiolo tulikuwa tumesimamishwa mara nyingi mno. Katika kizuizi kimojawapo, yapata saa tisa usiku, mama mmoja aliyeketi mbele yangu aliamriwa ashuke. Alikuwa mtu mzima, na miguu ilikuwa imemvimba kwa kukaa. Askari alikimulika kitambulisho kwa tochi, akammulika usoni, akakirudia kitambulisho, kisha akamuuliza babu yake alizaliwa wapi. Mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, babu yangu alizaliwa kabla ya huu mpaka." Basi zima lilikaa kimya mpaka aliporudi kitini.

Barabara hii ya A2 ni sehemu ya njia kuu inayokusudiwa kuunganisha Cairo na Cape Town, na kwa miaka mingi kipande cha Isiolo hadi Moyale, takriban kilomita 500, kilikuwa mateso matupu. Aliyewahi kuvuka jangwa la Dida Galgalu anayakumbuka yale mawe meusi yaliyopasua matairi, misafara iliyosindikizwa na askari, na abiria waliong'ang'ania vyuma juu ya lori, ng'ombe wakiwa chini yao, wakila vumbi siku mbili au tatu. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale, na leo mtu huondoka mpakani na kulala Nairobi. Hilo ni jambo kubwa, nami nalishukuru kwa dhati.

Wakubwa wakiizungumzia barabara hii, huzungumzia malori. Desemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta na Waziri Mkuu wa Ethiopia Abiy Ahmed walifungua kituo cha pamoja cha mpakani, na tangu hapo swali limekuwa ni mizigo mingapi inapita, ilhali Ethiopia bado huagiza sehemu kubwa ya shehena yake kupitia Djibouti. Biashara ni muhimu, sikatai. Lakini kabla ya kuunganisha nchi na nchi, barabara hii ilipaswa kuunganisha Wakenya na Kenya yao.

Mwaka 1926 mkoloni alilitangaza eneo la kaskazini kuwa lililofungwa, ikawa hakuna kuingia wala kutoka bila kibali. Uhuru ulipokuja, ulikuja na hali ya hatari iliyodumu hadi mwaka 1991. Ndiyo maana wazee wetu, wakifunga safari ya kwenda Nairobi, walisema wanakwenda Kenya, na waliposema hivyo hawakuwa wanatania. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa uchunguzi wa ziada uliowaandama wakazi wa kaunti za mpakani walipoomba vitambulisho. Nililipokea tangazo hilo kwa furaha, lakini mtu anaweza kupewa kitambulisho bila kuulizwa ukoo wake, kisha akaulizwa ukoo huohuo barabarani usiku wa manane.

Nakubali kwamba silaha hupitishwa njia hii, na kwamba vijana wa Ethiopia wanaosafirishwa kwa magendo kuelekea Afrika Kusini hufichwa katika magari yanayopita hapa. Basi gari na likaguliwe, mizigo ifunguliwe, dereva ahojiwe. Kumuuliza raia mwenye kitambulisho halali babu yake alizaliwa wapi hakukamati bunduki hata moja, na sijawahi kusikia abiria wa basi la Nairobi kwenda Kisumu akiulizwa swali hilo. Serikali iliyoweza kutandika lami jangwani inaweza kupunguza vizuizi hivi, na kuwafunza askari wake namna ya kuzungumza na mama wa mtu.

Tulipopita Nanyuki kulikuwa kumekucha, na yule mama alikuwa amelala, kitambulisho kingali mkononi mwake.